Taa Niliyoiwasha Mwenyewe kwa Baba Yusta

Leo nimejianika, ndugu zangu. Tena kwa taa yangu mwenyewe, niliyoitia betri mpya asubuhi kwa furaha zote.

Mnaonijua mnajua kazi yangu. Nakagua vyuma vya madaraja huku Kibondo, natafuta nyufa bila kukata wala kuvunja kitu. Mnakumbuka pia ile picha niliyoweka hapa mwaka jana, nimesimama kando ya mashine kubwa nyeupe ya CT, ile inayopiga picha chuma tabaka kwa tabaka mpaka uone kilichomo ndani, kama hospitali wanavyopiga kichwa cha mtu. Mlinisifia mpaka nikavimba. Mashine yenyewe ilikuwa kwenye maonyesho Dar. Nilisimama, nikapigwa picha, nikaondoka. (Hata swichi yake siijui ilipo.)

Tatizo ni kwamba Yusta naye aliisifia, tena akaisifia kwao. Yusta ndiye ninayetaka kumwoa. Kwao ni Titye, upande wa Kasulu. Mshenga wangu alishakwenda, na baba yake hajakataa wala hajakubali. Amejibu hivi tu: "Nasikia kijana ana mashine ya kuona ndani ya chuma. Aje aniangalizie shafti ya mashine yangu ya kusaga, inanguruma vibaya. Nikishamwona akifanya kazi nitajua nimjibu nini."

Yaani mimi nikague shafti, na mzee anikague mimi.

Nimefika na pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno. Nakuta uwanja umefyekwa, magunia yamesogezwa pembeni, wateja wamekalia ndoo zao za muhogo wanasubiri maajabu. Baba Yusta, mzee mrefu mwenye unga kwenye masharubu, hakunitazama mimi. Alitazama barabara nyuma yangu.

"Mwakeye, kijana," akanisalimia. "Lori liko wapi?"

"Lori gani, baba?"

"La mashine. Ile ya CT."

Nikavua begi mgongoni. Nikatoa makopo mawili ya kupuliza, matambara na taa. Mteja mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe kaja kuua mbu."

Nikajieleza haraka kabla jasho halijanimaliza. "Baba, ile mashine kubwa ni ya viwanda vya mbali. Sisi huku tunatumia dawa. Naipaka kwenye shafti, inaingia ndani ya ufa kama upo. Nafuta ya juu, ya ndani inabaki. Halafu tunafunga milango, giza likiingia namulika kwa hii taa ya zambarau. Penye ufa patawaka kijani."

"Na kwenye mwanga wa jua?"

"Kwenye jua haionekani, baba. Unaona kama mafuta tu."

(Hilo likumbukeni. Mimi nililisahau.)

Shafti ilikuwa imeshatolewa, imelazwa juu ya magogo mawili. Nikaisafisha, nikaipaka dawa, nikawaambia tusubiri kama nusu saa inywee. Basi nikawa nimesimama pale na glovu zangu, najiona daktari. Ndipo akaja Shangazi Modesta.

Shangazi Modesta ni dada yake Baba Yusta. Mshenga alinionya: huyo mama akikukataa, hata ng'ombe mia hawatakusaidia. Sasa huwezi kumsalimia shangazi wa mchumba na glovu mikononi, utaonekana unamwogopa ugonjwa. Nikazivua. Ndani zilikuwa zimelowa, maana zilishatoboka kwenye vidole. Nikajifuta kwa tambara. (Tambara lilelile la dawa. Niacheni.) Mikono ikaonekana safi kabisa.

Na mnajua sisi Waha hatupungiani mikono na kupita. Unamshika mtu viwiko vyote viwili, unamtikisa taratibu, unauliza habari za watoto, mifugo, mvua, kisha unarudi tena kwa watoto. Nikamsalimia shangazi hivyo. Ukishamsalimia mmoja huwezi kuwaruka wengine, kwa hiyo nikawasalimia na wateja wote waliokuwa pale, kiwiko kwa kiwiko. Nilijisikia mtu mwenye adabu sana.

Shangazi akaketi kwenye gunia, akaanza.

"Wewe na binti yetu mmeshazoeana?"

"Hapana shangazi. Tunasalimiana kwa mbali tu."

"Mbali kama wapi?"

Nikanyoosha kidole mpaka kwenye migomba ya jirani, ng'ambo ya barabara. Shangazi akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Vizuri. Siku hizi vijana wa hivyo hawapo."

Punde Yusta akatokea, kanga kiunoni na blauzi nyeusi, macho chini. "Fundi, maji ya kunawa yako nyuma ya jiko." (Mbele za watu mimi ni fundi.) Nikamfuata nimeacha nafasi ya kutosha kupitisha ng'ombe. Tulipokata kona ya jiko, akanishika mkono. Hatukuwa tumeonana tangu Pasaka.

Nilitakiwa kunawa kwanza. Najua! Msiniandikie huko chini, najua!

Tulikumbatiana kidogo. (Sawa, si kidogo.) Halafu nikanawa kwa sabuni, vizuri, kama mtu mwenye akili.

Nikarudi kazini. Nikaifuta shafti, tukaibeba ndani, milango ikafungwa, dirisha likazibwa na turubai. Watu wote wakajazana humo, hakuna aliyekubali kubaki nje. Giza. Nikawasha taa.

Karibu na mahali beringi inapokaa, mstari mwembamba ukawaka kijani.

"Yoo!" watu wakaguna. Baba Yusta akainama, akaupitisha ukucha juu yake.

"Huu ungekatika?"

"Ungekatika mashine ikiwa inazunguka, baba. Na chuma kingeruka."

Pale mzee anaposimama kulisha mahindi ndipo kingerukia. Akaniwekea mkono begani, akauacha hapo. Jamani, nilifurahi! Moyoni nilishaanza kugawa kadi za harusi.

Kisha akasema, "Nipe taa niwaonyeshe wenzangu." Nikampa. Kwa mikono yangu miwili, kwa heshima.

Akageuka nayo. Viwiko vya mteja wa kwanza vikawaka. Vya wa pili navyo. Mzee mmoja alikuwa anawaka mpaka kipara, alijikuna baada ya kunisalimia. Shangazi Modesta akajitazama mikono akapiga kelele. Kicheko kikalipuka humo ndani, na mimi nikicheka kuliko wote, naeleza kitaalamu: "Msiogope, ni dawa tu! Popote mkono wangu ulipogusa patawaka!"

Nimeyasema hayo kwa mdomo wangu.

Yusta alielewa kabla yangu. Alikuwa anapapasa komeo la mlango atoke, mgongo ametugeuzia. Taa ikamfikia.

Viganja viwili. Kimoja katikati ya mgongo, kimoja kiunoni, vidole vimetanuka vyema, kila kimoja na nafasi yake. Hata kidole changu kidogo cha kushoto, kile kilichopinda kwa kuvunjika utotoni, kilionekana kimepinda.

Kicheko kikakatika. Akasema Shangazi Modesta, polepole:

"Huko ndiko kwenye migomba ya jirani?"

Baba Yusta aliishikilia taa palepale. "Fundi," akasema, "uliniambia panapowaka pana kasoro." Sauti haikuwa na mzaha hata kidogo. Nikaona mshenga wangu amekwenda bure na mimi nimekuja kumalizia kazi ya kukataliwa.

Shangazi akamnyang'anya kaka yake ile taa. "Hebu geuka na wewe, kijana."

Nikageuka. Nyuma yangu watu wakapiga ukelele.

"Nini? Kuna nini?" (Mgongo wangu nitauonaje?)

"Mikono mingine," akasema yule mteja wa mbu. "Midogo. Imeng'ang'ania."

Kumbe mkono wangu alioushika Yusta kwa mikono yake miwili kwenye kona ulikuwa na dawa ya kutosha watu wawili. Halafu nikasikia sauti yake kutoka mlangoni:

"Baba, mimi ndiye niliyeanza."

Aliyecheka kwanza ni shangazi. Baba Yusta alijizuia, akajizuia, unga ukaanza kumtoka kwenye masharubu, mwisho akashindwa kabisa, akaketi juu ya gunia na kufuta machozi. Milango ilipofunguliwa akanisindikiza mpaka kwenye pikipiki.

"Shafti nitatengenezesha nyingine. Mshenga wako mwambie arudi Jumapili, jibu lake lipo." Akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. "Na wewe, mpaka siku hiyo, iwe mbali ile ya migomba."

Nimefika Kibondo jioni hii. Shati nimelifua mara mbili kwa sabuni ya mche, nikazima mwanga, nikamulika. Vile viganja vidogo vipo palepale, vinawaka. Nikamtumia Yusta meseji kumwambia, akanijibu maneno mawili: "Usilifue tena."

Naombeni msicheke. Shati nimelitundika ukutani mbele ya kitanda, na betri bado ni mpya.