Dubu wa Kanada na Haki Yangu ya Kusema

Jumatatu, 6 Juni 2011

Habari mbili. Moja njema, moja tusi.

Njema: dada yangu Pascasie amekubaliwa Kanada, yeye na binti yake Ariane. Wanaruka Jumatatu ijayo. Miaka yote ile ya kungoja karatasi, imekwisha! Nilimkumbatia mpaka akalalamikia mbavu.

Tusi: Jumamosi, kwenye sherehe ya kuwaaga, atakayesema kwa niaba ya familia ni Firmin. Shemasi Firmin! Mtu ambaye si ndugu yetu hata wa mbali! Kwetu Burundi kaka mkubwa ndiye mwenye neno, na chupa haifunguliwi mpaka mwenye neno amalize. Pascasie anasema shida yenyewe ni hiyo hiyo. Eti kwenye harusi ya binamu yetu Clémence nilieleza mkutano wa Berlin mpaka bia zikapata joto na bwana harusi akalala. Uongo. Alifumba macho akitafakari.

Sasa natafuta mada ambayo Firmin haiwezi. Yeye anajua theluji tu. Theluji, mwezi Juni! Nilimwambia mbele ya kwaya nzima kuwa kule sasa ni kiangazi, na baridi yote ya dunia iko huku kusini mwa Afrika, chumbani kwangu mtaa wa Bellevue.

Jumanne, 7 Juni

Nimeipata. Dubu!

Nauza vitabu vya mitumba barabarani, na bidhaa huisoma mwenyewe kabla ya mteja. Leo mteja alitaka kimoja cha dubu wa Kanada. Nilimfukuza. Kanada imejaa dubu, na shemasi hajawahi kuwataja hata mara moja! Usikimbie: ana mbio kuliko wewe. Usimkazie macho. Sema naye kwa sauti ya chini, rudi nyuma polepole. Akikurukia dubu wa kahawia, lala kifudifudi, mikono kisogoni, jifanye maiti. Akiwa mweusi, pigana naye, mlenge pua.

Lakini rangi hudanganya! Mweusi anaweza kuwa wa kahawia, wa kahawia akakaribia weusi. Kama vyama vya siasa. Mtazame bega: wa kahawia ana nundu.

Jioni nilikwenda mtaa wa Bertrams, kwa Pascasie, kumsomea yote. Akasema wanakwenda mjini, kwenye mabasi na maduka. Nikamuuliza kama huo mji hauna mapipa ya taka, maana dubu hupenda mapipa. Akaendelea kukunja nguo. Nikamwonyesha dubu anavyong'oa mlango wa gari, nikitumia mlango wa kabati. Akaacha kukunja. Nimeshinda!

Jumatano, 8 Juni

Sikushinda.

Ariane alikuwa nyuma ya pazia. Amezaliwa hapa, ana miaka tisa, hujibu kwa Kiingereza au Kizulu, kwa hiyo mtu husahau kuwa Kiswahili anakielewa chote. Amezitoa nguo zake begini. Haendi. Atabaki kwa jirani, atalala chini ya meza, popote, ila ndege hapandi.

Pascasie alinifuata kwenye meza yangu ya barabarani sijapanga hata kitabu kimoja. Akaniuliza nimempa nini mtoto. Usipomtengeneza, kaka, akasema, sahau kusema Jumamosi, na usije. Nilitaka kumjibu kwamba ukweli hautengenezwi. Nikaona macho yake. Nikakubali. Jambo la nadra.

Alhamisi, 9 Juni

Mpango: mazoezi. Hofu ni ujinga, na ujinga dawa yake ni elimu.

Nilimchukua Ariane baada ya shule, nikampeleka kwenye nyumba ya kona yenye jibwa la ulinzi, kubwa kama ndama. Nia: kulitazama kupitia geti na kulisemesha kwa sauti ya chini. Geti lilikuwa wazi. Eish!

Likatoka. Nilisema nalo kwa upole, nikalieleza kwamba hatuna ugomvi. Likanguruma. Mimi mtu akinipinga sauti hupanda yenyewe. Nikaliambia halina hoja. Likaja mbio.

Hapo elimu ikaniangusha. Mwili wa kahawia, uso mweusi! Nilale au nipigane? Nundu sikuiona. Nikafanya yote mawili: nililala kifudifudi nikirusha ngumi nyuma. Nilipiga kiatu changu mwenyewe. Jibwa likaninusa kisogo, likazunguka, likakaa juu ya mgongo wangu.

Kisha nikasikia kisauti: "Futseki!"

Ndilo neno la kufukuzia, ambalo mbwa wote wa mji huu wanalijua. Jibwa liliinuka, likarudi ndani kama mtu aliyeitwa kula. Nilimgeukia Ariane nikitarajia machozi. Alikuwa ameshika tumbo, anacheka, hapumui.

"Malume," akasema, kama watoto wa hapa wanavyomwita mjomba, "ulimwambia mbwa hana hoja!"

Usiku ule ule alirudisha nguo begini. Dubu akija, atamwambia neno lile. Pascasie alikuja kuniambia mwenyewe. Nilijiandaa kutukanwa. Alicheka mpaka akakaa kwenye katoni zangu za vitabu. Nitasema Jumamosi! Ila Ariane atasimama kando yangu.

Asante Mungu. Mgongo unauma, lakini asante Mungu.

Jumamosi, 11 Juni

Ua umejaa, kila mtu na chupa yake mkononi, imefungwa. Nilianza na dubu. Watu walitulia. Kutoka dubu nikapita kwenye misitu, kutoka misitu kwenye swali la nani aliigawa, na mtu yeyote mwaminifu akifika hapo lazima aende Berlin. Firmin alikohoa. Nilimjibu. Akakohoa tena. Nikamjibu kwa kirefu.

Mkono mdogo ukanivuta koti.

"Futseki, Malume, tafadhali."

Ua mzima ulilipuka. Chupa zilifunguka zote kwa pamoja. Sikufika mwisho wa hotuba, na mwisho ndio uliokuwa wa Pascasie.

Jumatatu, 13 Juni

Uwanja wa ndege. Nilimwambia Pascasie ule mwisho wa hotuba mlangoni pale, kwa sauti ya chini, bila kurusha mikono: kwamba alinilisha miaka nilipokuwa na maneno tu. Kisha nikarudi nyuma polepole. Hakunisahihisha chochote. Ariane alipunga mkono mpaka wakapotea.

Jumapili, 19 Juni

Wamefika salama! Pascasie amepiga simu. Wana nyumba, wana majirani, wamevaa mikono mifupi (nilisema!). Dubu hakuna. Kuna sungura wakubwa wanaopita barabarani. Ariane alimwambia mmoja futseki, sungura akaendelea kula majani. Maana yake wanyama wa Kanada hawalijui neno lile, na mafunzo yangu yalihitajika kuliko walivyodhani.

Na leo kanisani imetangazwa: Firmin naye amekubaliwa. Australia! Alikuja kunishika mkono, akaniomba kwa heshima nisijisumbue na lolote.

Hana kaka mjini hapa. Nani atamsemea? Nina kitabu cha mamba, picha tele. Shemasi ana watoto watatu. Nitaanza na yule mdogo.