Sifa za Bwana Funguo

Jumatatu, 6 Mei

Furaha! Bwana Funguo anastaafu Ijumaa. Msimamizi wa ghala la magodoro, bosi wangu, mwenye kishada cha funguo kiunoni na kiti kinachozunguka. Mimi msaidizi wake nakalia ndoo iliyopinduliwa. Kiti kile lazima kiwe changu.

Kiwandani kwetu anayeondoka hutafutiwa mtu wa kumsifu mbele ya wote, kabla keki haijakatwa. Nimechunguza jambo hili kwa makini. Aliyemsifu mhasibu wa zamani leo ndiye mhasibu. Aliyemsifu mpishi wa kantini leo ndiye anayeshika mwiko. Kwa hiyo Mama Mkurugenzi alipouliza nani atamsifu Bwana Funguo, niliinua mikono yote miwili. Kidevu wa kufunga mizigo, ambaye naye anakimezea mate kiti kile, alikuwa bado anatafuna. Pole yake!

Jumanne, 7 Mei

Tatizo. Hana cha kusifiwa. Hufunga dirisha la kutolea magodoro kabla ya saa. Huficha gundi nzuri. Asubuhi hasemi na mtu mpaka amalize chai, na chai yenyewe haimalizi upesi.

Nikaumiza kichwa, nikagundua kumbe ni suala la kuchagua neno tu. Ubahili nimeuita uangalifu. Kununa nimekuita utulivu. Ukaidi umekuwa msimamo, na kufunga mapema ni kuheshimu muda. Nilipomaliza nilianza kumpenda kidogo. Nikajikemea.

Jioni nikafanya mazoezi bafuni. Mke wangu alikuwa anapiga pasi ukumbini, akanikatiza kupitia mlangoni. Akasema "mtukufu" ni la Mungu, nimwondoe mtunza magodoro hapo. "Mheshimiwa" ni la wanaokuja na gari la pili nyuma yao. "Hodari" sawa, lakini watu wawe wamewahi kumwona akitoka jasho. Na "hatutamwona tena mfano wake" ni la makaburini, mzee wa watu ataogopa.

Nikamuuliza basi kwa nini nisiseme tu ni mtu mzuri. Akasema "mzuri" limechakaa, watu wanalitumia hata kwa hali ya hewa. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe mara ya mwisho kusifiwa na mimi ilikuwa kwa ajili ya kifungo cha shati. Nikafungua maji kwa nguvu.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeazima koti la shemeji. Mikono inanifika kwenye kucha, lakini nikiikunja naonekana msimamizi kabisa.

Kidevu ananizungukazunguka. Nikamchimba taratibu, kwamba angekuwa yeye angesemaje. Akasema angesema Bwana Funguo amefanya kazi yake na tumtakie mapumziko mema. Basi! Kama anasoma maelezo ya kufua shuka! Akaniambia pia nisimvike mzee kilemba cha ukoka. Wivu huo. Mimi nitamvika na joho.

Ijumaa, 10 Mei, asubuhi

Nimewahi kazini. Bwana Funguo alikuwa kantini anafungwa tai, nikapita ghalani kujaribu kiti. Kinazunguka hadi unaona vizuri kabisa jinsi maisha yanavyoweza kuwa. Ghala zima linanuka dawa yake ya mgongo. Nimefungua dirisha la juu ambalo halijawahi kufunguliwa tangu niajiriwe. Ofisi yangu ipate hewa.

Ijumaa, 10 Mei, jioni

Msiba! Nimeharibu, na nimeharibu kwa ufasaha.

Nilisimama. Nikaanza na uangalifu, nikapanda kwenye msimamo, nikaona wapishi wameacha kunong'ona. Utamu ukanikolea. Nikamwita nguzo. Nikamwita johari. Nikasema kiwanda bila yeye ni foronya bila mto. Hayo hata sikuwa nimeyapanga, yalikuja yenyewe. Akina mama wa cherehani walianza kufuta macho. Bwana Funguo akainamisha kichwa, mabega yakitikisika.

Ndipo Mama Mkurugenzi akainuka huku anapenga kamasi. Akasema hakujua. Akasema miaka yote hii amekaa na johari kiwandani, na leo anataka kuitupa nje kwa keki? Haiwezekani! Bwana Funguo atabaki, kama mwenyewe yuko radhi. Bwana Funguo akasema kwa sauti ya kukwaruza kwamba hajasifiwa tangu azaliwe, hata na mama yake, na kwamba yuko radhi sana.

Kidevu ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Nimerudi kwenye ndoo. Keki nayo sikuionja.

Jumapili, 12 Mei

Mvua tangu jana. Mke wangu amecheka hadi akaunguza shati langu na pasi. Nimelala tu, naisikiliza mvua. Inapiga mabati vizuri, inaingia kila penye uwazi.

Uwazi.

Mungu wangu! Dirisha!

Jumatatu, 13 Mei

Nilifika nikiwa sina hata mate mdomoni. Safu nzima ya magodoro, yale ya wateja wa hoteli, imelowa chapachapa. Mama Mkurugenzi alishafika, na lile jicho lake la kufukuza watu. Akauliza nani kafungua dirisha. Kidevu akaniangalia. Alikuwa ameniona, nina hakika! Nikajiona nabeba ndoo yangu naenda nayo nyumbani.

Bwana Funguo akatangulia mbele. Akasema dirisha liko chini ya funguo zake, yeye ndiye wa kujibu, na Ijumaa alifunga ghala bila kutazama juu. Mama Mkurugenzi akavuta pumzi apige kelele. Kisha akaishusha. Akasema mtu mwenye sifa zile akiteleza siku moja hawezi kuvunjiwa heshima. Magodoro yatolewe juani, kwani hayo ni maji tu.

Maji tu! Nilitaka kumbusu. Nikakaa kwenye ndoo, na sijawahi kukaa mahali patamu kama pale. Ningekuwa na zile funguo leo, ningekuwa barabarani.

Tulipokuwa tunabeba magodoro, nikamuuliza Bwana Funguo kama anajua aliyefungua. Akasema anajua, kiti chake alikikuta kimeelekea ukutani. Lakini baada ya maneno yale angefanyaje? Ameitwa nguzo mbele ya watu, aanze kuanguka Jumatatu? Akanipa gundi nzuri.

Jumatano, 15 Mei

Bado napumua kwa raha. Jana nilimwambia mke wangu kwamba yeye ndiye johari ya nyumba hii. Akaweka kijiko chini, akaniuliza nimeacha dirisha gani wazi. Ila usiku kucha alikuwa anatabasamu, nilimwona.

Habari kubwa! Mkuu wa usafirishaji anastaafu mwisho wa mwezi. Kiti chake kinazunguka na pia kinalala nyuma. Nimeshaomba kumsifu, Kidevu hata hajafungua mdomo. Mara hii sikosei, kwa sababu kosa la kwanza nimeliona. Sifa zilikuwa chache mno.