Nani Alianzisha Tamasha Letu

Jumatatu, 9 Februari
Katibu wa kamati kaja na daftari. Tamasha letu la kiangazi linatimiza miaka arobaini Jumamosi hii. Wanataka ubao wa historia mlangoni pa ukumbi, na jina la mwanzilishi kwa rangi nyekundu. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, akadakia: ni yeye! Mwongo mkubwa! Nikasema ni mimi. Nami nilidanganya, lakini kwa adabu.

Katibu akauliza pia kwa nini kila mwaka tunafungua kwa kuvutana blanketi, Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini. Wifi kanitazama. Mimi nikatazama dari. Tukajibu kwa pamoja: ni ishara ya umoja. Kaandika.

Ushahidi mwisho Ijumaa. Jina langu limeandikwa mahali pamoja tu duniani, kwenye kadi ya zahanati, na hata hapo umri wamekosea. Sifi hivi hivi!

Jumanne, 10 Februari
Shule sikuiona hata mlango. Mume wangu alikuwa mchora mabango. Herufi alinifundisha yeye nikimshikia ngazi. Basi nimetandaza shuka, nikaandika kwa brashi yake: TAMASHA LA KWANZA. MWANZILISHI NI BIBI WA NYUMBA YA KONA. Nikalichovya kwenye chai ya rangi, nikalipaka majivu, nikawapitisha kuku juu yake. Limezeeka kuliko mimi.

Jumatano, 11 Februari
Katibu kauliza tulijuaje ni la kwanza na la pili halijaja. Nikasema mimi huona mbali. Kauliza niliitwaje bibi nikiwa na miaka ishirini na mitano. Nikasema nilizaliwa na heshima zangu.

Wifi alicheka mpaka goti lake bovu likamwangusha. Nikambeba hadi kwangu, nikamkanda kwa mafuta ya moto huku namtukana taratibu. Kasema mkono wangu mzito kama mchi. Amelala mpaka saa kumi. Nimemfunika.

Alhamisi, 12 Februari
Shahidi! Kinyozi, kwa jogoo mmoja, kaapa mbele ya kamati kwamba aliniona kwa macho yake mawili nikianzisha tamasha. Katibu kamuuliza umri. Thelathini na sita. Kinyozi kasema macho yake yalitangulia.

Jogoo hajarudishwa.

Ijumaa, 13 Februari
Nimetoa nilichoficha godoroni miaka yote: nusu ya picha. Mimi, msichana mbichi, mikono mbele, umati nyuma unashangilia. Nani atabisha?

Wifi kafungua mkoba. Naye ana nusu! Mikono mbele, umati nyuma. Katibu kaziweka mezani, kazisogeza polepole. Zikashikana. Katikati, blanketi. Mimi nalivuta huku, yeye kule, na kilemba chake kiko mdomoni mwangu.

Ikabidi tuseme. Blanketi la mama mkwe. Kila mmoja alidai kaachiwa yeye. Tulivutana tangu asubuhi mpaka jua likazama. Watu wakaja kutazama, wapiga ngoma wakaja, muuza barafu akaja. Mwaka uliofuata, siku ile ile, wakarudi na viti vyao! Picha tuliichana wenyewe kwa aibu.

Katibu kafuta neno umoja.

Jumamosi, 14 Februari
Ubao umetundikwa. “Lilianzishwa na wifi wawili wasiotaka kuachia.” Chini yake majina yetu, mekundu, ubavu kwa ubavu. Nimelisoma langu herufi moja moja, nikalia kama mtoto. Wifi kanipa leso yake. Nikapengea kamasi humo. Tumeshikana mikono kutwa, eti kwa ajili ya goti lake. Nani mwingine ananijua hivi?

Jumapili, 15 Februari
Jina lake ndilo linaloanza!

Nina brashi, nina rangi. Ngazi ya mume wangu iko kwa wifi. Nikaenda kuiazima, nikasema nasafisha dari. Akaiona brashi. Kasema ngazi ni ya kaka yake. Nikasema ni ya mume wangu. Nikashika mguu mmoja, naye akashika mwingine.

Sasa ni saa saba. Watu wamejaa hadi barabarani, wengine na viti. Muuza barafu amefika. Mimi nimekuja kula mara moja tu. Wifi kaahidi hataivuta mpaka nirudi. Nampelekea na yeye sahani yake, asije akaishiwa nguvu.