Kamati ya Kuthibitisha Vitundu

Wananchi wa Moshi wajulishwe kwamba hakuna mgonjwa atakayepewa mfuko wa ruzuku kabla sisi hatujakiona kitundu chake. Mimi ni Katibu wa Kamati ya Kuthibitisha Vitundu, na naomba nieleze, maana mtaani watu wanaropoka.

Kuna watu waliopasuliwa, ncha ya utumbo ikatokezwa nje kupitia kitundu tumboni. Haja yao kubwa hupita hapo na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa. Serikali imechangia bei ya mifuko. Kazi yetu ni kuhakikisha kila mwezi kwamba kitundu hakijaziba, mtu asije akajinufaisha. Mgonjwa huinua nguo mbele ya wajumbe, nami humwomba ageukie kwenye mwanga. Hatujawahi kukuta kilichoziba, jambo linaloonyesha jinsi ukaguzi wetu ulivyo makini.

Basi alikuja Mama Margareta, muuza ndizi wa Kiboriloni. Mwezi ule ukaguzi ulikuwa umeahirishwa kupisha semina. Mjukuu wake Priska alikuwa anapata kipaimara Jumapili, na mfuko aliokuwa nao ulishaoshwa mpaka ukachoka. Akatuwekea mezani jani la isale, ambalo Wachagga huombea msamaha na msaada. Mchagga akiletewa isale hana ujanja, lazima alainike. Mwenyekiti wetu Bwana Valerian, Mchagga wa Kibosho kabisa, akaliangalia, akauliza kama lina kibali cha Misitu. Halikuwa nacho.

Mama alikosa kipaimara cha mjukuu. Aliisikia kengele ya kanisa akiwa chumbani, na aliponisimulia nilimpa pole ya kiofisi.

Baadaye wagonjwa wakaanza kuchangiana mifuko wenyewe, ikipitia kwa wifi yake Mama Margareta, wa Tarakea mpakani, na kugawiwa Kiboriloni. Kamati ilisikitishwa na ukosefu huo wa subira.

Mwaka huu Bwana Valerian naye akapasuliwa. Akataka mfuko kutoka stoo ya Kamati bila kuinua shati. Tukamkumbusha kwa heshima kwamba utaratibu ni wake. Akanuna, kisha akanichukua twende Kiboriloni, jani la isale likiwa ndani ya koti.

“Shikamoo, mama,” alisema, ingawa wanalingana umri.

Mama Margareta alilipokea jani, akaligeuza huku na huku. “Hili lina kibali cha Misitu?”

Mwenyekiti akaanza kufungua vifungo vya shati katikati ya mikungu ya ndizi.

“Acha, baba,” mama akasema. “Isale halikataliwi.” Akampa mfuko mpya kabisa.

Njiani Mwenyekiti alilia. Nilijifanya naangalia mlima, ingawa kulikuwa na mawingu.

Jumatatu aliamuru ukaguzi ufutwe na stoo ifunguliwe. Tulimuunga mkono kwa kauli moja. Tatizo ni kwamba, kwa kanuni alizotunga mwenyewe, hoja ya kufuta ukaguzi huletwa na mwenye kitundu kilichothibitishwa tu.

Akasimama, akainua shati. Wajumbe wakasogeza viti mbele. Mimi nikamwomba ageukie kwenye mwanga.