Meno ya Samaki wa Yona

Jumatatu, 4 Agosti

Baridi kali, kama kila Agosti huku kusini mwa dunia. Maji yameganda kwenye mpira wa bustani. Mume wangu Vern kaenda malishoni kuangalia kondoo wanaozaa, mimi nikaenda ukumbi wa kanisa kufuma. Sisi kinamama wa kijiji cha Gundaroola tunafuma kwa ajili ya Bwana kila Jumatatu. Kofia za watoto njiti, soksi za wazee, mitandio ya wagonjwa. Wengine wanahubiri kwa mdomo, sisi kwa uzi.

Leo Kasisi Imogen kaja na habari nzito. Askofu anakuja Jumapili ya tarehe 17 kuona kama kanisa letu bado lina uhai. Wenzetu wa bondeni walishafungiwa, na pale walipokuwa wakibatiza sasa panauzwa taa za zamani. Kasisi alisema tukihesabu vichwa tumekwisha, kwa hiyo tumwonyeshe Askofu imani yetu, na imani yetu imo kwenye vikapu vya uzi.

Wote wakamgeukia Noreen. Noreen ni wifi yangu, dada yake Vern. Anatumia koroshia, ile sindano moja yenye ndoano. Mimi natumia sindano mbili, kama watu wenye subira. Noreen hufuma mitandio ya sala, na kila kishono anamwombea atakayeivaa. Mgonjwa akifunikwa analia. Baada ya hapo anapona, au anakufa kwa amani. Vyovyote iwavyo, sifa ni za Noreen.

Nikasema hata mimi nina kitu. Wakaniuliza kitu gani. Nikasema ni siri yangu na Mungu. Kwa kweli, hadi saa hiyo ilikuwa ya Mungu peke yake.

Jumanne, 5 Agosti

Wazo limekuja nikiosha masufuria. Samaki wa Yona. Mkubwa wa kummeza mtu mzima. Kasisi atasoma habari za Yona, na akifika pale samaki anapomtapika, Vern atatoka mdomoni mbele ya Askofu, hai, amenyoa ndevu. Mtandio utashindana na nini hapo?

Nimemweleza Vern. Amesema yeye si Yona, ni mfugaji. Nimemkumbusha kwamba Yona naye hakutaka. Akamimina chai.

Jumatano, 6 Agosti

Uzi hautoshi. Kijivu chote nilichonacho hakimalizi hata mkia. Nimefumua sweta za Vern. Zote nilimfumia mimi mwenyewe, kwa hiyo ni kama zinarudi nyumbani. Aliporudi kutoka malishoni meno yakigongana kwa baridi, akafungua kabati, akauliza sweta ziko wapi. Nikasema nondo. Akaniuliza ni nondo wa aina gani wanaokula sweta na kuacha vifungo vimepangwa mezani. Nikamwambia dunia imebadilika.

Samaki atakuwa na mistari: kijivu, kahawia, bluu ya timu yake ya raga. Sidhani kama Maandiko yanakataza.

Ijumaa, 8 Agosti

Mwili umekamilika. Nimeunyoosha kwa pete za mapipa ya zamani, nikautandaza kwenye banda la kukatia manyoya. Nimemwingiza Vern kwa majaribio. Ameingia akinung'unika. Nimemwita atoke, hakutoka. Nimechungulia, nikamkuta amejilaza chali, redio kifuani, anasikiliza mechi. Anasema humo mna joto, na kwamba tangu tuoane hajapata mahali penye utulivu kama pale.

Nimemwambia Yona alikuwa anatubu. Akasema naye anatubu, nimwachie nafasi.

Kakaa humo hadi wakati wa chakula. Nikampelekea pai mdomoni mwa samaki.

Jumamosi, 9 Agosti

Tatizo ni mdomo. Kufuma kwa sindano mbili kunatoa kitu laini, na mdomo umelala kama soksi iliyovuliwa. Unahitaji meno ya kuushikilia.

Nimepita kwa Noreen kwa kisingizio cha kurudisha bakuli. Nimeona anachoficha. Mtandio wa zambarau, rangi ya maaskofu, uko nusu. Kazi nzuri mno.

Pale pale nikapata wazo la pili, bora kuliko la kwanza. Nikamwambia, "Wifi yangu, bila mkono wako mimi siwezi. Nifumie meno ya samaki." Hesabu yangu ilikuwa hivi: akihangaika na meno, mtandio hautaisha. Nilitegemea atakataa kidogo, nimbembeleze. Akanikumbatia. Alisema amesubiri miaka nimwombe kitu. Machozi yalimlengalenga.

Ni mwigizaji hodari sana yule mwanamke.

Jumatatu, 11 Agosti

Msiba. Noreen kaleta meno. Meupe, marefu, yamechongoka kama ya papa, yamesimama wima. Ameyafuma kwa koroshia, akayachovya kwenye maji mazito ya sukari, akayakausha juu ya jiko mpaka yakawa magumu kama mfupa. Ndivyo bibi yao, yeye na Vern, alivyokuwa akitengeneza vikapu vya Pasaka.

Nilikuwa nimemleta samaki ukumbini, tukayashona mdomoni. Samaki ameachama mdomo, anatisha. Kinamama wote wakasimama kuyashika yale meno. Hakuna aliyegusa ubavu. Kasisi Imogen alisema meno yamempa samaki roho. Na mwili je, ulimpa nini, mafua?

Nimemuuliza Noreen kwa upole mtandio umefika wapi. Akasema ameumaliza jana. Usingizi ulikuwa hauji, akaona afadhali aombe.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimegundua kitu leo, nilipokuwa nachemsha maji ya chai ukumbini. Mvuke ulipiga jino moja la pembeni, nalo likainama kama mlevi. Sukari haipendi joto wala unyevu.

Sitafanya ubaya wowote. Nitasogeza tu hita ya gesi karibu na mdomo wa samaki Jumapili asubuhi, ili Vern asipate baridi. Ni wajibu wa mke. Meno yakilegea kabla ya ibada, watu watautazama mwili.

Nimeomba kabla ya kulala. Nimesema, Bwana, wewe unaujua moyo wangu, lakini usiwaambie wengine.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani.

Asubuhi nilitangulia kanisani. Nikamweka samaki mbele, kando ya mimbari, nikasogeza hita mpaka karibu iguse taya. Vern akaingia na mto wake. Nilimkataza redio. Nikamwambia akisikia neno "akamtapika" atambae nje, anyanyue mikono, basi.

Watu walijaa. Mfugaji mmoja alikuja na kondoo mchanga anayemnywesha kwa chupa, amemfunga ndani ya koti. Askofu ni mtu mrefu, mwenye ndevu nyingi nyeupe na miguu ya kukimbia mbio. Noreen alikaa mstari wa pili na mtandio wake mapajani. Nikamwonea huruma kidogo.

Kasisi akasoma. Yona akakimbia, dhoruba ikaja, mabaharia wakamtupa. Akafika kwenye neno lenyewe.

Samaki hakumtapika mtu.

Akalirudia kwa sauti kubwa zaidi. Kutoka tumboni mwa samaki ukasikika mkoromo. Mrefu, wa mtu aliyesamehewa dhambi zote. Ile hita ilikuwa imempikia usingizi kama uji.

Watu walianza kuuma midomo wasicheke. Nilimwita Vern kwa kunong'ona, mpaka mstari wa mwisho wakanisikia. Mkoromo ukajibu. Ndipo Askofu, mtu mwema, akasimama na kusema, "Ngoja nimsaidie ndugu yetu. Mimi nimezoea kuamsha watu kanisani." Akainama, akaingiza kichwa, mabega, ikawa samaki kammeza hadi kiunoni.

Meno hayakuwa yamelegea. Yalikuwa yameyeyuka nje na kubaki magumu ndani. Sukari ilikuwa inanata kama gundi. Alipotaka kurudi nyuma, ndevu zikanasa, na samaki akaja pamoja naye. Vern akaamka, akaona uso wenye ndevu umemwinamia gizani, akadhani ni hukumu ya mwisho. Alipiga yowe. Akasema, "Bwana, zile sweta hazikuliwa na nondo, ni Merle." Kanisa zima lilisikia jina langu.

Yule mwanakondoo akachomoka kwenye koti, akanusa sukari, akapenya mdomoni mwa samaki kulamba sikio la Askofu. Askofu alikuwa hawezi kujitetea. Tulichoona ni joho jeusi likitikisika.

Nilidhani analia. Nikaona kanisa letu linauzwa, nikaona taa za zamani zimepangwa kwenye kiti changu. Ni Noreen aliyeinuka. Alichukua birika la chai, akaongeza maji baridi, akapima joto kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto, akachovya leso na kulowesha ndevu, unywele kwa unywele, huku akimwambia Askofu, "Tulia, baba, usivute. Jino hili limekubali, bado hilo." Alipomaliza, Askofu alitoka ameloa, jino moja linaning'inia kidevuni, anacheka mpaka hakuweza kusimama. Noreen akamfunika mtandio wa zambarau. Naye akalia. Wote hulia na mitandio ile, sijui anaweka nini.

Askofu akauliza nani ametengeneza samaki huyu.

Mimi sikujua kicheko kile ni cha heri au cha shari. Watu walinigeukia. Nikasema, "Ni wazo la wifi yangu Noreen, mwanzo hadi mwisho."

Askofu akamshika Noreen mikono yote miwili. Akasema amezunguka makanisa mengi yaliyo kimya kama friji tupu, na leo amemezwa na kanisa lililo hai. Akasema mlango huu haufungwi maadamu yeye ni Askofu. Watu wakapiga makofi, Kasisi Imogen akajifuta macho kwa kitambaa cha meza takatifu.

Noreen, maskini, alisema kweli. "Hapana, baba. Samaki ni wa wifi yangu Merle. Mimi nilifuma meno tu."

Askofu akawageukia watu na kusema, "Oneni unyenyekevu."

Nikanyanyua mkono. Nikasema ni kweli, ni wangu. Akanipiga bega kwa upole, akaniambia si vizuri kumpokonya mwenzangu baraka.

Vern kakaa chai nzima amejifunga koti la Kasisi. Kila aliyepita alimuuliza habari za nondo.

Jumatatu, 18 Agosti

Samaki kapelekwa kanisa kuu asubuhi, amefungwa kwa kamba kwenye pikapu, mkia unapepea barabarani. Atakaa karibu na kisima cha ubatizo, na jina la Noreen chini yake. Noreen amepiga simu huko kurekebisha. Wamemwambia Askofu aliwaonya kwamba angepiga.

Kaja hapa baadaye na keki na kifurushi. Ndani mna mtandio wa kijani. Anasema amekuwa akiufuma tangu nilipoanza kuchechemea, na kila kishono ameiombea nyonga yangu. Alitaka kunipa kabla, akaogopa nitadhani ananidharau.

Nilimwambia asante. Nikamwambia pia rangi ya kijani inanifanya nionekane mgonjwa. Akacheka, akaukaza vizuri mabegani mwangu, tukanywa chai. Nyonga haijauma tangu saa hiyo. Hali ya hewa imebadilika.

Vern, akiwa na sweta aliyoazima kwa mfugaji wa mwanakondoo, alisema baada ya dada yake kuondoka kwamba nina bahati ya wifi ambayo sistahili. Nimempuuza. Mwanamume aliyelala kazini hana la kusema.

Jumatano, 20 Agosti

Askofu kaahidi kurudi Pasaka, na safari hii anakuja na maaskofu wenzake wawili.

Usingizi umekatika. Nimekwisha kuona kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa kuchagua kisa chenye mdomo.

Kuta za Yeriko. Kuta nzima, kutoka mimbari hadi mlangoni, zimefumwa kwa sindano mbili, nyumba juu yake, madirisha na kila kitu. Maaskofu watazunguka wakipiga tarumbeta. Vern kauliza nani atakaa ndani ya mji. Nimemwambia hakuna, isipokuwa Rahabu, yule kahaba, dirishani na kamba yake nyekundu. Akauliza nani atakubali kuwa kahaba mbele ya maaskofu watatu.

Nimekwisha kumwambia Kasisi kwamba Noreen ameomba mwenyewe. Unyenyekevu wake unajulikana, akikana hawatamwamini.

Nimeanza kufumua mapazia ya sebuleni. Nimefikiria kila upande, na sioni kinachoweza kuharibika. Zile ni kuta, na zimeandikiwa kuanguka.