Mlimau wa Kilian na Shikamoo Yangu

Jumatatu, 4 Julai 1994

Nimerudi kutoka hospitali. Presha! Mimi Xaveri, niliyebeba gunia la kahawa begani kutoka bondeni mpaka barabarani bila kupumzika, naambiwa nina presha. Sista amenikataza mafuta ya nguruwe. Amenikataza chumvi. Kasema nile kabichi mbichi na nyanya, na juu yake nimwagie mchuzi wa malimau wa kutengeneza mwenyewe. Kanihesabia kwa vidole kama mtoto wa chekechea: malimau mawili, chungwa moja, kijiko cha asali, vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti, kitunguu saumu kilichopondwa, pilipili manga. Vyote kwenye chupa, nitikise, basi. Jumamosi nirudi apime. Nikikaidi, kasema, nitamfuata kaka yangu.

Hapo kanigusa pabaya. Kaka yangu Kilian alianguka kwenye kahawa miaka miwili iliyopita, presha hiyo hiyo. Maisha yake yote alinikumbusha kwamba yeye ndiye mkubwa. Kiti chenye mgongo, chake. Kuku, firigisi yake. Na shikamoo yangu kila asubuhi, hata siku tulizogombana. Sasa nimekwenda kwa katekista, tumefungua kitabu cha ubatizo, tumehesabu. Jumapili hii nitakuwa nimeishi siku moja zaidi ya alizoishi Kilian. Nitakuwa mkubwa wake! Mradi nifike.

Shida moja tu. Malimau yangu yote yamedondoka. Mlimau wenye matunda ni ule uliopo kichwani pa kaburi lake.

Nimechuma sita. Sikusalimu.

Jumanne, 5 Julai

Chupa ya kwanza ilikuwa ya mafuta ya taa. Niliiosha! Mara moja. Nilipoonja, machozi yakanitoka mpaka shingoni. Nikampa mbuzi. Mbuzi kanusa, kanitazama usoni, kaondoka zake.

Nikachukua chupa ya jemu ambayo binti yangu Rosina aliniletea kutoka Mbinga mjini. Siku hizi maduka yamejaa jemu na sosi za nchi ambazo hata katekista hazijui. Nikatikisa muda wa Salamu Maria tatu. Ikawa nzito, ya njano, inang'aa. Nikamwagia kabichi. Jamani! Hao wa ng'ambo wangekuja kujifunza kwangu.

Nikaiacha dirishani, nikaenda kuchuma kahawa. Ukungu ulishuka mpaka nikawa sioni vidole vyangu kwenye tawi. Niliporudi saa nane mchana, chupa ilikuwa nusu. Kando yake, ganda la limau. Limemenywa kwa mkato mmoja usiokatika, refu, limejikunja kama nyoka aliyelala.

Mimi malimau nayapasua kwa panga. Hapa kijijini Litembo, aliyekuwa anamenya hivyo ni mtu mmoja.

Jumatano, 6 Julai

Nimemshtaki Hildegardi, mjane wa Kilian, maana nyumba yake na yangu zinatazamana. Nikamwita mwizi wa mchuzi. Hakukasirika. Kanionyesha mikono yake: vidole vimepinda kwa baridi yabisi, hata kufunga kifungo hawezi, sembuse kumenya limau kwa mkato mmoja.

Kisha kaniuliza, shemeji, ulipochuma ulimsalimia?

Kwenye ukoo wetu ndivyo ilivyo. Ukichuma mti wa kaburini, unatoa shikamoo kwanza, unakata tunda moja unaliacha juu ya kaburi. Nikamwambia simsalimii mtu ambaye Jumapili atakuwa mdogo wangu. Anisalimie yeye!

Hildegardi akajishika mdomo. Kasema shemeji, usitanie. Marehemu akinyimwa salamu, huja kuitoa mwenyewe. Ukimwitikia, umekubali kukaa naye. Kaniapisha nisiitikie. Nikaapa, huku nimefumbata kidole gumba ndani ya ngumi. Kiapo cha hivyo hakihesabiki.

Ijumaa, 8 Julai

Jana chupa ilipungua tena. Leo nimetumia akili. Nimeifungia ndani ya sanduku la bati, ufunguo nikauvaa shingoni pamoja na rozari. Sakafu nzima nikainyunyizia majivu, nikarudi nyuma nyuma mpaka nje, nikafunga mlango. Polisi wa Songea hawana ujanja huu.

Nimechuma kahawa mpaka saa saba. Ukungu tena. Kutoka upande wa mlimau nilisikia mtu akikohoa, kile kikohozi cha kusafisha koo kabla ya kuongea. Sikugeuka. Si woga. Shingo ilikuwa inauma.

Nyumbani, kufuli liko vilevile. Chupa ndani ya sanduku, tupu, imeoshwa vizuri kuliko ninavyoosha mimi. Kwenye majivu, nyayo. Zinaanzia kwenye sanduku zinakwenda mlangoni. Za kuingia hakuna hata moja. Mguu wa kulia una vidole vinne.

Kilian alijikata kidole kwa jembe akichimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, mwaka niliooa. Alisema ni kosa langu, nilimsemesha.

Nimefagia majivu. Nimechuma malimau mengine manne. Sikusalimu.

Jumamosi, 9 Julai

Ushindi! Presha imeshuka. Sista kapima mara mbili, hakuamini. Kaniambia babu, umefanya vizuri sana, endelea hivyo hivyo. Nikamweleza kwamba mchuzi wake nimeuboresha. Kacheka.

Nilipokuwa navaa koti kaniuliza, na babu mwenzako mbona hapimwi? Nikamuuliza, mwenzangu yupi? Kasema yule mliyekaa naye kwenye benchi tangu asubuhi, mwenye koti la kahawia, aliyekushikia chupa.

Nilikwenda peke yangu, chupa ya mchuzi mkononi. Benchi nililikalia peke yangu. Na koti la kahawia tulimzika nalo Kilian, mimi mwenyewe nililifunga vifungo.

Nikatoka kutazama. Benchi tupu. Chupa yangu imesimama katikati, na shingoni imezungushiwa ganda la limau, refu, bichi, linatoa harufu.

Najua anachotaka. Anaona kesho inafika. Wivu!

Jumapili, 10 Julai

Nimefika! Leo mimi ni mkubwa!

Baada ya Misa nimekata kabichi, nyanya na karoti, nikamwagia mchuzi, nikaenda na sahani mpaka kwenye mlimau. Nikasimama wima kama anavyosimama mkubwa. Ukungu ulikuwa umejaa, kaburi silioni, mlimau nauona nusu. Ndege kimya. Nikasubiri.

Kikohozi. Kisha sauti yake, karibu na goti langu, chini kabisa: Shikamoo, kaka.

Nywele zilisimama, sikatai. Lakini miaka sabini nimeisubiri! Nikasema sikusikia vizuri, rudia. Akarudia. Nikasema kwa adabu zaidi. Akarudia mara ya tatu, taratibu, kwa unyenyekevu. Nyuma yangu Hildegardi alikuwa anakuja mbio na beseni, anapiga kelele, shemeji, nyamaza, nakuomba nyamaza!

Nikajibu kwa sauti ya kusikika mpaka Mbinga: Marahaba, mdogo wangu!

Beseni likaanguka. Nilipotazama sahani, ilikuwa nyeupe, haina hata jani.

Kilian kasema asante, mchuzi ni mzuri, kesho niulete mwingine, tukae tule pamoja, kwangu pana nafasi. Hajawahi kunisifia tangu tuzaliwe! Nimekubali. Mkubwa hakatai mwaliko wa mdogo wake.

Sasa Hildegardi amekaa jikoni kwangu analia, amemtuma mtu kwa padri na mwingine kwa Rosina. Wanawake! Nimemkaribisha kabichi, kakataa. Chupa ya kesho nimeshaitikisa, Salamu Maria tatu. Nimeongeza chumvi kidogo, na kipande cha mafuta ya nguruwe, maana presha nimeshaishinda. Mkono wa kushoto umekufa ganzi. Ni baridi ya Julai.

Ila jambo moja nimemwambia Kilian wazi wazi, tusije tukagombana tena. Asogee vizuri. Mkubwa halali pembeni.