Mngurumo wa Gari la Seifu

Redio ya simu ya Stella, muuza kahawa, ilikuwa imetoka kutangaza kwamba mvua zimeivuruga njia ya kuingia Nachingwea, na asiye na gari la kuvuta kwa tairi zote nne abaki kwake. Ridhiwani akaweka chini kikombe cha kahawa.

"Mkurugenzi, umesikia? Redio imekutaja."

Benchi zote mbili zikacheka. Kijiwe chenyewe kiko Mchafukoge, nje ya duka la vitenge, na ukurugenzi walimpa Seifu siku aliponunua lile jigari la fowili, la mtumba lakini la juu kiasi kwamba huliingii, unalipanda. Leo Mkurugenzi hakucheka. Kesho alfajiri alitakiwa kumpeleka mama yake, Bi Mgeni, kwenye harusi ya mdogo wake Seifu wa kike huko Nachingwea. Mama mwenyewe basi hapandi, magoti hayamruhusu. Shemeji yake Hafidhi ana gari, ila ni kagari kadogo, tope litakameza mchana kweupe. Lilibaki hili la Seifu, nalo lilikuwa linanguruma.

"Likikata kona tu," alisema, "linafanya ngrrr, halafu huko chini kitu kinagonga. Ngo! Jana nilikuwa na mama ndani. Akasema 'Mh!' Basi."

"Mh ya namna gani?" Stella aliuliza, huku akimimina kahawa. "Maana zipo nyingi."

"Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi."

Augustino, mwenye duka la vitenge, wanamwita Profesa kwa sababu hajawahi kusema sijui. Akakohoa. "Hiyo ni beringi."

"Profesa, juzi friji yangu ilipozima ulisema beringi," Stella alimkumbusha.

"Kwani ilikuwa nini?"

"Umeme ulikatika!"

"Achaneni naye," Ridhiwani aliingilia. "Hilo ni difu, yale meno yanayozungusha tairi za nyuma. Difu likichoka linalia kwenye kona."

"Wewe difu umelijulia wapi?" Augustino alikuja juu.

"Nimepanga nyuma ya gereji mwaka wa ngapi huu!"

"Na mimi nimepanga Upanga karibu na hospitali," Stella alisema. "Lala hapo nikupasue."

Hapo kijiweni ubishi ukishindikana hupigwa kura, na aliyeshindwa hufunga mdomo. Difu likashinda kwa kura mbili, ya Ridhiwani na ya Stella, ambaye alisema amechoka na beringi. Seifu akatoa simu kumpigia fundi. Roho ilimuuma kwelikweli, maana kushusha difu si kazi ya leo kwa leo, na mama angekosa harusi ya kitinda mimba wake kwa sababu ya gari alilojisifia nalo mtaa mzima.

"Ngoja," Augustino alisema, ingawa alishashindwa kura. "Mgonjwa hapasuliwi hajasikilizwa. Twende mzunguko mmoja."

Wanaume watatu wakapanda, Ridhiwani nyuma. Kona ya kwanza kuelekea sokoni, ngrrr. Ngo!

"Difu hilo!" Ridhiwani alishangilia. "Linajitaja lenyewe!"

Augustino alikuwa anatazama dashibodi. "Hiki kitaa cha kijani ni cha nini?"

"Fowili."

"Mbona kinawaka?"

"Huwa kinawaka siku zote."

"Siku zote? Kariakoo hapa, kwenye lami kavu?"

Seifu alihisi masikio yanamchoma. "Si nyinyi? Si Ridhiwani huyu aliyesema mbele za watu kwamba gari langu tairi mbili zinafanya kazi na mbili zinasindikiza? Tangu siku ile nikaapa zote nne zitatoka jasho!"

Ridhiwani akaanza kuangalia mabegi ya madukani kwa makini sana.

"Sikia," Augustino alisema taratibu. "Ukiweka fowili, tairi za mbele na za nyuma zinafungwa pamoja. Kwenye tope sawa, zinateleza, zinapishana. Kwenye lami kavu ukikata kona, za mbele zinataka njia ndefu, za nyuma fupi, na hakuna anayekubali kumpisha mwenzake. Unachosikia ni ugomvi."

"Kwa hiyo siyo beringi?"

"Siyo beringi," alikubali, na ilionekana imemuuma.

Kile kigia kidogo cha fowili kilikuwa kimekaza. Augustino akamwambia arudi nyuma kidogo vyuma vilegee, na Seifu akarudi huku wasukuma mikokoteni wakimporomoshea matusi. Akavuta. Tak! Kitaa kikazima. Kona iliyofuata, kimya. Iliyofuata tena, kimya. Seifu alitaka kulia kwa furaha.

Walimkuta Bi Mgeni kijiweni, ameshakaribishwa kahawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu."

"Panda usikilize, mama. Limepona."

Wakamsaidia kupanda, akazungushwa mtaa, akarudishwa. Halafu akasema, "Mh!"

"Nini tena, mama?"

"Limenyamaza."

"Si ndiyo limepona!"

"Limepona nini, Seifu? Jana nimewapigia simu Nachingwea nzima. Nimewaambia mwanangu ana gari, likikata kona linanguruma, mtalisikia kabla hamjaliona. Kesho niingie kimyakimya kama nimeletwa na Hafidhi?"

Usiku kucha Seifu alidhani mama ameona aibu, kumbe mama alikuwa anajivunia yeye. Moyo ukamjaa, na mkono wake wenyewe ukaenda kwenye kile kigia.

"Usiguse!" Augustino alipiga kelele. "Utaliua! Na kwenye tope la huko hata ukiiweka fowili halilii."

Bi Mgeni alifikiri kidogo. "Nani alikufanya uiwashe mwanzoni?"

Seifu akamwonyesha Ridhiwani.

"Ana sauti nene?"

"Akicheka hapa, Kivukoni wanamsikia," Stella alisema.

"Basi alfajiri nimkute hapa. Atakaa siti ya nyuma, na tukikata kona ya nyumbani atanguruma yeye."

Ridhiwani alicheka, akaona Bi Mgeni hacheki, akaacha. "Sawa, bi mkubwa. Na ile ngo je, nitaigonga na nini?"

"Kichwa si unacho?"